Pilau la kilo 8 linanishinda: chini bokoboko, juu lina kiini. Krismasi nalisha watu 45

#1 Binti Tabata
Wakuu salaam. Naomba msaada wa kweli, zimebaki wiki mbili.

Pilau la kilo moja au mbili nalipika hata nikiwa nimefumba macho. Punje zimeachana, rangi imekolea, chini ukoko mwembamba ambao watoto wanaugombania. Shida ni nikipikia watu wengi. Pasaka iliyopita nilipika kilo 8 kwenye sufuria moja la kukodi, juu ya jiko la gesi. Kila kitu nilizidisha mara nane: mchele, maji, vitunguu, bizari nyembamba, mafuta. Likatoka chini bokoboko, katikati afadhali, juu lina kiini kabisa, ukitafuna unasikia mchele mbichi. Wageni walikula na hakuna aliyesema neno, lakini niliziona sahani zilivyorudi jikoni.

Mwaka huu ukoo wa mume wangu hauendi Moshi. Mama mkwe amefanyiwa upasuaji wa goti hapa Dar na safari ndefu haiwezi, kwa hiyo Krismasi inaliwa kwangu, Tabata. Nimehesabu watu 45 pamoja na watoto na majirani. Kutakuwa na mbuzi, kuku, ndizi, kachumbari na matunda, ila pilau ndilo linalonikosesha usingizi. Nina gesi, majiko mawili makubwa ya mkaa, na uani naweza kupanga mafiga.

Swali langu ni moja. Kwa nini kipimo kinachokubali kilo moja kinakataa kilo nane?

#2 Mzee Kipanga
Maji yalizidi. Punguza maji.

#3 Dogo Mbagala
Mzee Kipanga shikamoo. Maji yangezidi, juu kungekuwaje na kiini? Rudia kusoma swali mzee wangu.

#4 Mpishi wa Shughuli
Dada pole. Nimepika harusi, misiba na maulidi miaka 14, Temeke, Kigamboni, mpaka Kibaha nimefika na masufuria yangu. Tatizo lako ni moto.

Jiko la gesi la nyumbani linapiga katikati ya kitako tu. Sufuria la kilo 8 ni pana, pembeni hapapati moto. Wewe unaona halijaiva, unaongeza gesi, katikati chini panapondeka na kuungua, huku juu hakujapata kitu. Sisi tunaanza na kuni, moto mkali, mpaka maji yanakauka usawa wa mchele na unaanza kuona vitundu. Hapo kuni zote zinatolewa. Chini unaacha makaa machache, mengine yote unayapalia juu ya mfuniko. Mfuniko uwe wa bapa, siyo ule wenye tumbo. Nusu saa usifunue. Pilau la watu wengi linaivia juu na chini kwa pamoja. Ukilitegemea moto wa chini peke yake, la juu litakulaza na njaa.

Na usikoroge. Geuza mara moja tu kabla ya kupalia, mwiko ukipita pembeni kuja katikati. Pilau la kukorogwa punje zinavunjika, wanga unatoka, linashikana.

#5 Kyela Asilia
Mpishi nakuheshimu, ila hujauliza swali la kwanza. Mchele wa wapi, na una muda gani tangu uvunwe?

#6 Binti Tabata
@Kyela Asilia, wa Pasaka nilinunua sokoni, nikaambiwa ni Kyela. Wa Krismasi shemeji anatuletea kutoka Moshi, wa skimu ya Lower Moshi. Anasema umetoka shambani juzi tu.

#7 Kyela Asilia
Basi sikiliza dada, hili ni kubwa kuliko moto.

Mchele uliokaa ghalani unakunywa maji mengi na punje zinabaki zimesimama. Mchele mpya maji kidogo tu umelainika, na unashikana. Kwetu mpunga mwingi unavunwa kuanzia Mei mpaka Julai, kwa hiyo ikifika Pasaka mchele mzuri wa msimu umebaki kidogo na bei imepanda. Ndipo mtu anachanganya. Anachukua wa zamani, anatia wa sehemu nyingine uliovunwa karibuni, gunia linaandikwa Kyela. Ukipika, punje hii inataka maji haya, ile inataka yale. Nusu zinapondeka, nusu zina kiini. Umeelezea kitu hichohicho.

Huo wa Lower Moshi ni wa umwagiliaji, wanavuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, ndiyo maana Desemba una mchele mpya mkononi. Usiupikie kipimo cha Pasaka hata kidogo. Pika kwanza kikombe kimoja, uone unakunywa maji kiasi gani.

#8 Dogo Mbagala
Kyela, kama mchele ulichanganywa, kiini na bokoboko vingekuwa kila mahali. Yeye anasema kiini juu, bokoboko chini. Punje zilijipanga zenyewe kwenye gunia?

#9 Kyela Asilia
Dogo una akili. Hapo sina jibu kamili. Lakini kupika kikombe cha majaribio siondoi.

#10 Mwalimu wa Fizikia
Habari za jioni. Nimekaa nimesoma yote, na naona jibu la swali lenyewe, yaani kwa nini mara nane haikubali, bado halijaguswa.

Maji unayotia sufuriani yanagawanyika sehemu mbili. Sehemu moja inanywewa na mchele, hii inaongezeka sawasawa na kilo. Sehemu ya pili inaondoka kama mvuke, na hii haifuati kilo. Inafuata upana wa mdomo wa sufuria, muda wa kuchemka, na mfuniko unavyobana. Ukipika vikombe 4 kwa maji vikombe 6, mchele unakunywa karibu vinne, viwili vinakuwa mvuke. Ukizidisha mara nane, vikombe 32 kwa 48, umetenga vikombe 16 vya mvuke. Lakini sufuria lako halikupanuka mara nane. Eneo la mdomo wake labda ni mara tatu ya lile dogo, lililobaki ni kina. Kwa hiyo maji mengi yaliyotengewa mvuke hayakuwa na pa kutokea. Yalikaa.

Yakakaa wapi? Chini. Hapo namjibu na Dogo. Mchele ukinywa na kupanda, tabaka la juu linatoka kwenye maji mapema na kubaki likiivia mvuke tu, huku la chini limeloa na limebebeshwa uzito wa kilo zote zilizo juu yake. Mzee Kipanga kwa hiyo hakukosea, alifupisha.

Ushauri wangu: gawa kilo 8 kwenye masufuria mawili ya kilo nne, mapana, yasiyo marefu.

#11 Mzee Kipanga
Ahsante Mwalimu.

#12 Mpishi wa Shughuli
Mwalimu, hesabu zako nzuri. Mimi napika kilo 30 kwenye sufuria moja na juu kunaiva. Kina siyo tatizo kama unapalia.

#13 Mkazi wa Uyole
Ngoja niongeze langu. Nilipohama Mbeya kuja Dar wali wangu wote ulikuwa unapondeka mwezi mzima. Kule juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, mchele unachelewa, tunaongeza maji. Huku pwani yanafika 100. Mleta uzi, kipimo chako ulifundishwa na nani? Kama ni na mama mkwe wa Moshi, kipimo hicho ni cha mlimani.

#14 Mwalimu wa Fizikia
Ni kweli, ila kwa Moshi tofauti ni ndogo. Kila ukipanda kama mita 300 unapunguza takriban nyuzi moja. Moshi mjini maji yanachemka karibu nyuzi 97, Mbeya 94 na kitu. Mbeya unaisikia kwenye sufuria, Moshi kwa shida. Halafu pilau lake la kilo moja linaiva vizuri hapahapa Tabata kwa kipimo hichohicho.

#15 Binti Tabata
Kipimo ni cha mama yangu mzazi, Ilala. Ahsanteni wote, ninaandika kwenye daftari.

#16 Bi Mkubwa Ilala
Ilala ipi mwanangu? Mimi niko Ilala miaka 50.

Nikuulize swali dogo. Zile nyama ulichemsha, supu yake ulitia?

#17 Binti Tabata
Shikamoo Bi Mkubwa. Ndiyo, nilitia yote, ndiyo inaleta ladha.

#18 Bi Mkubwa Ilala
Marahaba. Na maji ulipima mara nane kisha ndiyo ukatia supu, au supu uliihesabu humohumo?

#19 Binti Tabata
Jamani. Nilipima maji, halafu nikatia supu.

#20 Bi Mkubwa Ilala
Haya. Kwenye kilo moja supu ni kikombe, sufuria linakusamehe. Kwenye kilo nane ni jagi zima na zaidi. Na viazi navyo vina maji, na nyanya kama ulitia.

Sisi hatukupimiwa kwa vikombe. Ukishakaanga vitunguu mpaka vikawa kahawia, ukatia thomu na tangawizi, nyama, viungo, unatia mchele uliouosha na kuuchuja, unausawazisha kwa mwiko. Kisha unatia supu iliyo moto mpaka isimame juu ya mchele pingili moja ya kidole. Kilo moja, pingili moja. Kilo ishirini, pingili moja, labda na nusu. Mama yangu hakujua kusoma na shughuli zake zilikuwa haziharibiki.

#21 Mwalimu wa Fizikia
Bi Mkubwa, hicho kidole ndicho nilichokuwa nahangaika kukieleza kwa aya tatu. Pingili inapima kimo cha maji juu ya mchele, siyo wingi wake, kwa hiyo maji ya ziada yanafuata upana wa sufuria, kama mvuke unavyofanya. Natoa kofia.

#22 Mke wa Baharia
Mbona mnajitesa? Chemsha mchele pembeni kwa maji mengi yenye chumvi na iliki, ukibaki na kiini chembamba unauchuja kama wa biriani. Sosi ya nyama chini, mchele juu, unapalia. Haliwezi kukosea.

#23 Mpishi wa Shughuli
Hilo siyo pilau.

#24 Bi Mkubwa Ilala
Siyo pilau. Mchele wa pilau unanywa supu. Ukiuchemsha kwa maji na kuyamwaga umemwaga utamu, umebaki na wali wa rangi.

#25 Mke wa Baharia
Wageni wangu hawajawahi kulalamika.

#26 Dogo Mbagala
Hata wa Pasaka ya mleta uzi hawakulalamika dada, soma #1.

#27 Nesi Zamu ya Usiku
Naomba mnisikilize kwenye jambo moja, maana kila sikukuu tunawapokea wodini.

Watu wanachemsha kilo kumi za nyama usiku wa tarehe 24, wanafunika sufuria, wanaliacha jikoni mpaka asubuhi. Desemba ya Dar hata usiku ni joto. Sufuria kubwa linapoa taratibu sana, katikati linabaki vuguvugu saa nyingi, na huo uvuguvugu ndio vijidudu vinaupenda. Ukichemsha usiku, igawe nyama na supu kwenye vyombo vidogo visivyo na kina, vipoe haraka, viingie kwenye friji. Huna nafasi kwenye friji, basi chemsha alfajiri.

Pilau nalo lisikae mezani zaidi ya saa mbili. Mchele una kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto zinaamka, zinatengeneza sumu, na sumu ile ya kutapisha haiondoki hata ukipasha tena. Pakua kidogokidogo, lingine libaki sufuriani limefunikwa, likiwa la moto kweli. Kuku wabichi wakatiwe ubao wao, kachumbari ubao wake.

#28 Binti Tabata
Nesi Mungu akubariki. Hilo la kuchemsha usiku nilikuwa nalipanga hivyohivyo. Nitachemsha saa kumi na moja alfajiri.

#29 Mangi Mdogo
Shemeji yetu, nimesoma posti zote naona pilau, pilau. Krismasi ya kwetu ndafu iko wapi? Mtori uko wapi? Mama mkwe anakosa kwenda nyumbani kwa sababu ya goti, halafu unampa pilau la Ilala?

#30 Binti Tabata
Mtori atapikiwa wa kwake peke yake asubuhi, mwepesi, wa mifupa ya ng'ombe. Machalari wanapika mawifi. Ndafu sina pa kuichomea mbuzi mzima, uani pana mafiga, turubai na viti vya watu 45.

#31 Mangi Mdogo
Umejibu vizuri. Mbuzi nunua mnadani Pugu mapema, siyo tarehe 23. Siku hizo bei inapanda asubuhi na jioni.

#32 Bi Mkubwa Ilala
Mwanangu, umesema majirani watakuwepo. Kama wamo Waislamu, mbuzi na kuku wachinjwe na Mwislamu, na wao walijue hilo kabla ya kuja, wasikae wakinywa soda tu. Na kama kuna mtu analeta kitimoto, kiwe na sufuria lake, mwiko wake, na meza yake.

#33 Binti Tabata
Hilo tumelipanga. Jirani yetu wa ukuta mmoja ndiye anachinja, kila mwaka. Na Idi sisi tunakula kwake. Kitimoto hakuna.

#34 Mzee Kipanga
Hesabu watu 60. Umealika 45, watakuja 60.

#35 Mkazi wa Uyole
Na wafungashaji umewahesabu? Kwangu mwaka juzi watu walikula, kisha wakatoa makontena kwenye mikoba. Tangu mifuko ya plastiki ikatazwe 2018 kila mtu anatembea na kontena lake.

#36 Dogo Mbagala
Ni 2019, tarehe 1 Juni. Naikumbuka maana nilikuwa nauza mifuko hiyo.

#37 Mpishi wa Shughuli
Pole Dogo. Sasa unauza nini?

#38 Dogo Mbagala
Mkaa. Mleta uzi akihitaji gunia aseme, nafikisha Tabata.

#39 Mpishi wa Shughuli
Tukirudi kwenye hesabu, kilo moja ya mchele ni watu sita wakila pilau kama chakula kikuu. Kwa kuwa una ndizi na nyama nyingine, kilo 8 zinatosha 45, ila kwa hofu ya Mzee Kipanga weka kilo 9. Kaanga vitunguu vyote siku moja kabla, hivyo ndivyo vinavyokula muda. Kilo tatu za vitunguu siyo mchezo, na ukiharakisha vinabaki vyeupe na pilau linakuwa na rangi ya ugonjwa.

#40 Binti Tabata
MREJESHO, 27 Desemba. Heri ya sikukuu wote, na ahsanteni sana. Walikuja 58. Mzee Kipanga, kumbe unatujua.

Nilipika kilo 9 kwenye masufuria mawili kama alivyosema Mwalimu, nne na nusu kila moja. Yote nilipima kwa kidole cha Bi Mkubwa, supu ya moto, bila vikombe. Yote nilipalia. Nilijaribu kikombe cha mchele wa Moshi tarehe 23, Kyela Asilia alisema kweli, unakunywa maji kidogo, kwa hiyo kwenye huo nilishuka chini ya pingili.

Sufuria la kwanza, la mafiga uani, kuni kisha makaa: limeiva juu mpaka chini. Nimesimama pale na mwiko nimekosa la kusema. Sufuria la pili, la mkaa barazani: chini limeachana vizuri, katikati vizuri, lakini juu palibaki kiini kidogo, siyo kama Pasaka ila kipo. Niliongeza makaa juu, likaja kukaa sawa saa nzima baadaye.

Kasoro moja niseme. Shemeji alileta mchele pungufu, kwa hiyo la kwanza ni mchele wa Moshi na la pili nilinunua hapa mtaani.

#41 Kyela Asilia
Unaona? Mchele.

#42 Mpishi wa Shughuli
La kwanza kuni, la pili mkaa toka mwanzo. Mkaa hauna kishindo cha kulichemsha juu haraka. Moto, dada.

#43 Mwalimu wa Fizikia
Masufuria yalikuwa na upana mmoja? Kama la pili lilikuwa jembamba na refu zaidi, mimi nabaki palepale.

#44 Binti Tabata
Mwalimu, la pili lilikuwa jembamba kidogo. Lakini siyo sana.

#45 Bi Mkubwa Ilala
Wote mmesema. Mimi nauliza tena swali dogo. Hilo la pili, mfuniko ulikuwa wake au wa kuazima?

#46 Binti Tabata
Wa kuazima Bi Mkubwa. Ulikuwa unacheza kidogo upande mmoja, mvuke ulikuwa unatoka pale kama birika.

#47 Bi Mkubwa Ilala
Kanda unga wa ngano na maji, uwe mgumu, unyooshe kama kamba, uzibe ukingo mzima. Ukikauka mvuke hautoki. Unaubandua ukishapakua.

#48 Mpishi wa Shughuli
Hata mimi nafanya hivyo mfuniko ukipinda. Lakini bado nasema kuni. Pasaka pika masufuria mawili ya saizi moja, mchele mmoja, la kuni na la mkaa, unga uzibe yote. Nikiwa sina shughuli siku hiyo nakuja Tabata na mifuniko yangu.

#49 Binti Tabata
Karibu sana. Mama mkwe atakuwepo, ameomba ukoko wa sufuria la kuni aufungiwe.

#50 Kyela Asilia
Na mchele naleta mimi, kilo 10, gunia moja, shamba moja.